Boksi la Sabuni

Wiki nzima nilipiga nyundo.
Kreti la tumbaku nililipata kwa Msabila, bado linanuka msimu wa juzi,
nikalipa paa la bati, na miguu minne
ili siafu wakipita wapite chini, waende zao.
Nikaziba tundu la ua wa minyaa kwa tairi kuukuu.
Viatu vyote nikavipandisha juu ya kabati.
Sumu ya panya nikaitupa chooni.
Kalunde alikuwa akipepeta karanga, akanitazama.
"Mjukuu wetu alipozaliwa," akasema,
"hata msumari hukuushika."

Nikaweka na sheria, nikazitangaza:
Mbwa ni wa nje.
Mbwa ni wa ulinzi.
Mbwa habebwi.

Alifika Jumamosi kutoka Sikonge
ndani ya ndoo ya asali, kifuniko kimetobolewa,
kwenye bodaboda ya mpwa wangu Ntabo,
manyoya yananata, inzi wawili wanamsindikiza.
Tumbo kibuyu. Masikio hayajaamua
kusimama au kulala.
Jina nilishamwandalia: Jemedari.
Akakikojolea kiatu pekee ambacho sikukipandisha kabatini,
nilichokuwa nimekivaa.

Bi Zuwena wa jirani alikunja pindo la kanga,
akasema yeye na mbwa, mpaka wao ni ua.
Lakini jua lilipokuwa linazama, juu ya ua huo huo
ukapita mkono na kisahani: vichwa vya perege.
"Mpozeni huyo. Kaachishwa ziwa mapema."

Kreti hakulitaka.
Aliingia, akanusa, akapiga chafya tatu, akatoka.
Akachagua boksi la sabuni lililokuwa likingoja kuwashia jiko.

Usiku akalia.
Si kubweka. Uzi mwembamba wa sauti,
unavutwa, unavutwa,
ukikatika anaufunga fundo, anauvuta tena.
Nikajigeuza. Kalunde akajigeuza.
Saa saba. Saa saba na nusu.
"Sheria zako," akasema gizani, "zimelala?"

Nikatoka na kigoda na koti langu la stesheni,
lile la miaka thelathini ya bendera ya kijani,
nikatia mguu mmoja ndani ya boksi.
Akaulalia. Moyo wake ukawa unanigonga kifundoni
haraka haraka, kama mtu aliyesahau kitu alikotoka.

Hilo ni bati, nikamwambia, linapoa.
Hao ni popo, wanagombea zambarau.
Huyo ni mzee Kapaya, hukohoa kila siku saa hizi, utamzoea.
Mara honi. Garimoshi la Kigoma
likaingia na kishindo chake chote,
boksi likatetemeka, naye ndani yake.
Hilo halipiti huku, nikamwambia. Lina njia yake.
Linaita tu, halafu linaondoka.
Nikashangaa sauti yangu ilivyokuwa ndogo.

Alfajiri Kalunde alitukuta hivyo hivyo,
mguu umekufa ganzi, maelezo sina.
Akaleta uji, mabakuli mawili.
Lipi lilikuwa kubwa, na lilikuwa la nani, sitasema.

Mchana niliita, "Jemedari!" Hakugeuka.
Kalunde akagonga mfuniko wa sufuria mara moja tu,
naye huyo, mbio, anajikwaa kwa miguu yake mwenyewe.

Lile kreti lipo.
Kuku wa Bi Zuwena ameruka ua, ametagia humo.
Mayai manne, mpaka jana.