Ukuta wa Darasa la Nne

Alipofika, ukuta ulikuwa wa samawati.
Kabla yake manjano, ya yule kijana Mjerumani
aliyeumwa na tandu siku ya tatu.
Kabla ya manjano kijani, ya mabinti wawili
waliolia wakiondoka, nasi tukalia,
maana kilio huambukiza.
Chini kabisa, ukikwangua kwa ukucha,
ipo chokaa ya baba zetu
waliojenga shule kwa harambee na mbuzi kumi na mmoja.

Akateremka bodaboda hapa Kakoneni, vumbi hadi kwenye kope,
makopo matatu ya rangi yamefungwa nyuma kwa mpira.
Watoto wakapaza sauti: Chao! Chao!
Akasema, mimi si Mtaliano.
Wakafikiri kidogo.
Kisha: Chao!

Jina lake Agnieszka. Ndimi zetu zikalizunguka
kama kuku azungukavyo kinu kitupu,
mwisho likatulia: Nyeshi.
Ukame ulikuwa mwaka wa pili.
Jina lenye mvua ndani yake hatukulikataa.

Mwalimu mkuu akatangaza: huyu amekuja kujitolea.
Mimi napuliza moto, moshi umenijaa machoni.
Nikalisikia lile neno, nikaliweka kando
kama jiwe uliloliona kwenye maharagwe.

Alilala kwangu. Bomba kubwa la maji
lapita nyuma ya shamba langu, laelekea Malindi, hotelini;
usiku twalisikia likinguruma kama tumbo la aliyeshiba,
asubuhi twaenda bwawani.
Siku ya kwanza alijitwika ndoo: nusu ikamlowesha,
nusu ikanywewa na njia.
Sidi wangu, miaka saba, alicheka hadi akakaa chini,
kisha akainuka, akamsokotea ngata ya leso kuukuu.
Na ukimwita Kazungu, mtoto wa jirani,
Nyeshi ndiye ageukaye.

Wiki ya pili akasimama mbele ya ukuta, brashi mkononi.
Akakwangua. Samawati, manjano, kijani, nyeupe.
Akaja jikoni, rangi imemjaa kwenye ukucha:
"Nani alisema ukuta inataka rangi?"
Sikumjibu. Nilitazama paa.
Naye akatazama paa,
na kupitia paa akaiona mbingu, vipande vyake.

Tangu siku ile alikaa nami kwenye kibao,
ungo mapajani, tukichambua.
Watoto mia tatu na ishirini, pure kila siku ya Mungu.
Alikuwa na macho mazuri. Hata changarawe
ya rangi ya harage haikumpita.
Akanisimulia mama yake, naye mpishi, wa kiwandani,
kwenye mji ambao jina lake ni kama kukohoa.
Akaniuliza: "Wewe wanalipa ngapi?"
Nusu debe la mahindi, mwisho wa muhula,
wazazi wakikumbuka.
"Miaka mingapi?"
Tisa.

Akanyamaza. Jiwe alilolitoa likabaki kiganjani.
Kisha, kwa Kiswahili chake kisicho na viatu:
"Kumbe kujitolea ni wewe. Mimi mgeni tu."
Nilicheka, nikasema moto unazimika,
nikageuka kuutafuta moshi
ili machozi yapate mwenyewe.

Makopo mawili tulimuuzia fundi Mwagandi wa Langobaya.
Tukapata bati mbili, misumari,
na chenji ya kilo moja ya sukari.
La tatu Sidi na wenzake walipaka mlango wa jikoni,
na mbuzi mmoja, kwa bahati mbaya.
Paa bado lavuja upande wa mashariki.
Bati mbili ni bati mbili.

Aliondoka Jumatano. Sikulia, nilikuwa na sufuria motoni.
Ngata aliichukua.

Jana mwalimu mkuu kaja mbio, simu mkononi:
mwezi wa nane anakuja mwingine,
anauliza alete rangi gani.
Nilikuwa napima maharagwe kwa lile kopo la tatu,
makopo ishirini kwa siku, la ishirini na moja la Mungu,
na hesabu ikanipotea.
Mwambie, nikasema, nikianza tena moja,
mwambie aje na macho.
Mawe yamezidi mwaka huu.