Lita Tatu na Nusu

Lami ilipita kule, nyuma ya kile kichuguu kirefu,
kilomita nne, basi.
Kilomita nne mtu anazitembea akitafuna karanga za mfukoni,
lakini lori la tani thelathini
halikati kona kwa ajili ya chai.

Hapa Itundulu tuliisubiri alama.
Tulisikia wa upande wa Sikonge wamepigwa X nyekundu ukutani,
wakalia, wakalipwa, wakahama.
Sisi tukapaka chokaa upya
ili wekundu ukija uonekane vizuri.
Haukuja.
Hakuna aliyetubomoa.
Tumebomoka wenyewe, tofali kwa tofali, bila fidia.

Gesti ya Mama Kalunde ina vyumba sita.
Popo wamechukua namba tatu na namba tano.
Namba nne ingali na kufuli:
ufunguo alikwenda nao Kaliua kwa binti yake,
kaufunga pindoni mwa kanga
kama mtu aliyetoka mara moja kununua chumvi.

Mizani ya tumbaku imeshikwa na kutu
mshale ukiwa kwenye kilo mbili.
Za nini, sijui.
Za vumbi, labda.
Kwa Mpagama, fundi pancha, limebaki tairi moja,
lina maji ya masika, na viluwiluwi
wanaoishi humo bila kodi.

Na pampu.
Ile ya dizeli, yenye bei ya mwaka ule
ambayo watu waliiguna, wakasema nchi imekwisha.
Kioo kina ufa. Tarakimu zimekwama: 3.5.
Nani alijaziwa lita tatu na nusu za mwisho,
na zilimfikisha wapi?

Mihambo anajua, ndiye aliyeshika mpira siku hiyo.
Hasemi. Anasema ngoja.
Anavaa koti la mvua jua likiwaka,
anafukiza kinyesi cha ng'ombe kwenye kopo,
anafungua ubavu wa pampu kwa bisibisi yake ya kazini —

nyuki.

Tumbo zima la chuma ni masega,
asali nyeusi ya miombo, inanukia moshi
na, nikiinama karibu, kwa mbali sana,
dizeli.

Natoa kidumu changu.
"Lita ngapi, bosi?"
Na kabla sijajibu, mkono wake wa kushoto,
wenyewe, bila kutumwa,
umeanza kupangusa hewani
kioo cha gari ambalo halipo.