Inchi Mbili

Nilishusha gari inchi mbili, siku ya Jumamosi,
springi fupi nyekundu za Kirinyaga Road,
pesa nisizozitaja mbele ya mama.
Jumatatu usukani ukaanza kuniomba kushoto.
Kushoto, kila mara kushoto, kama ng'ombe aliyezoea zizi.
Nikiunyoosha, gari linakwenda upande;
nikilinyoosha gari, usukani umekaa
kama kofia ya mlevi.

Wiki ya tatu nikapapasa tairi la mbele kwa ndani:
upara. Waya zinachungulia.
Kwa nje nywele bado zimejaa,
ukilitazama ukiwa umesimama utaapa ni jipya.

Ndipo nikaenda Lusaka Road,
karakana ya mabati nyuma ya wauza betri.
Syombua akalizunguka mara moja,
ovaroli imekunjwa hadi viwikoni,
akachuchumaa, akacheka kidogo:
"Limepiga magoti, lakini halijui linamsujudia nani."

Akalipandisha relini,
akafunga vioo vinne kwenye rimu nne.
Skrini ikawaka: nyekundu, nyekundu, nyekundu,
na kijani kimoja cha kubahatisha.
"Magurudumu yamelaza vichwa ndani, yametupa miguu nje.
Na haya ya mbele hayaelewani:
hili linakwenda Thika, lile linakwenda Ngong.
Wewe unayapatanisha kwa mikono,
raba ndiyo inayolipa."

Kisha: "Kaa ndani. Napima na uzito wako."
Akagonga kiti cha abiria.
"Na wa hapa ana kilo ngapi?
Kama huwa mko wawili, naweka gunia la mchanga."

Nilitaka kusema sabini na mbili.
Nilitaka kusema Mugambi, kaka yangu,
ambaye kule Umoja alikata patipati za mama
tukapata magurudumu manne ya gari la waya,
na moja lilipopinda akalinyoosha kwa meno;
ambaye springi hizi alizichora kwenye daftari la hesabu
kabla mimi sijajua gia ni nini;
aliyepanda ndege ya Doha mwezi wa tatu
akasema, usilishushe mpaka nirudi.

"Peke yangu," nikasema.
Akaandika.

Chini huko: spana, kutu, matusi ya Kikamba,
nyundo mara tatu, kimya, nyundo tena.
Mimi juu nimetulia kama shehena,
usukani umefungwa kwa chuma,
nimekatazwa hata kujikuna.
Namba zikateremka nukta kwa nukta,
nyekundu ikameza mate, ikawa kijani.
Moja tu, nyuma kushoto, ikabaki njano.
"Bolti imefika mwisho wake," akasema,
akijifuta mikono kwa gazeti. "Hiyo ni ya kuishi nayo."
Nikalipa elfu tatu baada ya kulilia elfu mbili,
mimi niliyenunua springi bila kuuliza bei mara ya pili.

Southern Bypass, kabla ya kufika Lang'ata,
niliuachilia usukani.
Sekunde nne. Tano.
Gari likaenda mbele kwa akili zake lenyewe
mpaka lori la kokoto likanipigia honi.

Getini nyumbani, tuta ni lile lile.
Nikalipanda kimshazari, gurudumu moja moja,
na bado tumbo likakwaruza,
sauti ya sufuria kwenye saruji.
Lokwang, bawabu, akageukia ukuta ili asicheke.

Usiku nikaipiga picha ile karatasi ya vipimo,
nikaituma Doha bila neno.
Alama mbili. Zikawa za bluu.
Anaandika. Ameacha. Anaandika.

"Nyuma kushoto mbona njano?"