Kaa Kitako

Nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri, uwanja wa hospitali,
nami nimepiga magoti kiti cha nyuma cha Volvo
kama mtu aliyedondosha pete.

Kijitabu kina lugha kumi na saba.
Nimesoma Kifini, kisha Kiswidi,
nikidhani Waswidi wameambiwa zaidi.
Picha ni zile zile: mtu asiye na uso,
mshale, mkanda, mshale.

Gari la zamani, halina vile vishikizo vya chuma
ambavyo magari ya siku hizi huzaliwa navyo.
Lina mikanda tu. Basi, mikanda.

Miaka thelathini na minne kiwandani Kemi
nilifunga mabunda ya karatasi, tani tatu kila moja,
yakavuka bahari bila kuchubuka.
Nani anifundishe kufunga?

Ulimi wa mkanda napitisha palipochorwa buluu,
wa kiunoni chini ya ndoana, wa begani juu yake,
tak.
Nashika, natikisa.
Kitako kinacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Nafungua. Kumbe mkanda umejisokota,
mkunjo mmoja, mdogo kama uwongo wa adabu.
Naunyoosha kwa kucha. Naanza upya.

Mara ya tatu naweka goti, kilo tisini na mbili pamoja na kahawa,
navuta mpaka mshono wa koti unapasuka kwapani.
Kaa kitako, nakiambia.
Kaa kitako, we kitako!

Na hapo, goti likiwa limezama kwenye kiti,
namkumbuka Jouko, Machi ya themanini na saba,
akirudi nyumbani kwa gari hili hili
mapajani mwa Annikki, ndani ya blanketi la manjano,
dirisha nusu wazi kwa ajili ya sigara yangu.
Barabara barafu tupu.
Niliendesha mia moja, nikipiga mluzi.
Mikanda hii ilikuwa hapa nyuma,
imejikunja, haijaulizwa kitu.

Mkunga anapita. Namwomba.
Anashika pale mkanda unapopita, anasukuma huku, anavuta kule:
hakisogei hata upana wa kidole.
Kiputo cha maji kimetulia kati ya mistari miwili.
"Kimekaa," anasema.
Atikise tena, tafadhali.
Anatikisa tena. Hacheki, na namshukuru kwa hilo.

Ndipo Jouko anatoka na kikapu mkononi,
anatembea kama mtu aliyebeba supu.
Ndani yake kilo tatu kasoro, hana jina bado,
kofia imemfunika mpaka nyusi.
Tak, kikapu juu ya kitako. Tak ndogo.
Mpaka Simo niliendesha sitini,
nyuma yetu msururu wa taa kama msiba wa tajiri.

Leo Alhamisi. Mtoto yuko kwao.
Nimetoka peke yangu kununua viazi,
kitako kitupu nyuma, mkanda umekaza,
sijathubutu kuugusa.
Bado sitini.
Mwenye haraka apite.