Kilo Moja na Nusu

Jumamosi, soko la Rengo, saa mbili asubuhi.
Theluji imebaki kidogo tu kileleni,
kama chumvi iliyonyunyizwa na mtu mchoyo.
Pesa nimeifumbata mkononi, si pochini:
ikikaa pochini nasahau kwamba ni kidogo.

Meza ya kwanza ni ya Hermelinda.
Stroberi zake zanona, zang'aa,
kilo peso elfu mbili.
Meza ya nne, yule kijana Baltazar:
vistroberi vidogo, vingine vimepinda,
kimoja kimetobolewa na konokono,
na kibao chenye nembo ya kijani: KILIMO HAI.
Kilo peso elfu tano na mia tano.
Kizuri chajiuza, husemwa.
Mbona hiki kimeajiri kibao?

Dawa naijua. Simsikilizi mtu wa mjini juu ya dawa.
Nolberto aliendesha trekta la kunyunyizia miaka kumi na mmoja,
nami nikifua ovaroli yake kwenye beseni lake peke yake,
kisha nalisuuza beseni, kisha mikono,
na bado ile harufu iliketi nasi mezani
ikingoja kupakuliwa.
Majina ya dawa hakuyajua. Alijua vifuniko:
cha buluu, usiingie shambani siku mbili;
chekundu, usiingie mpaka Jumatatu.
Nyuki hawakuambiwa Jumatatu ni lini.

Na Nolberto haumwi kitu. Hilo nalo sina budi kulisema.
Ana sitini na mbili, anabeba gunia la unga kwa bega moja.
Dada yake hakuwahi kunyunyizia hata ua la waridi,
tumemzika Agosti.
Kwa hiyo mimi si shahidi wa kufaa upande wowote.

Ila Yasna wangu ana mimba ya miezi saba
na tangu juzi hataki kingine ila stroberi.
Kliniki wamempa karatasi: *Kula matunda kwa wingi.*
Yapi, karatasi haikusema.

"Kweli hunyunyizii?" nikamuuliza Baltazar.
"Kitunguu saumu na pilipili, basi."
"Na jirani yako?"
Akakuna shingo, akatazama mizani.
"Jirani hunyunyizia Alhamisi.
Nimepanda miti mpakani.
Lakini upepo, mama, haujui kusoma nembo."
Kwa jibu hilo nikamwamini kuliko kibao chake.

Elfu tatu na mia tano ndiyo tofauti.
Ni nauli ya Yasna kwenda kliniki na kurudi,
na mkate juu yake.

Halafu Hermelinda ananiona.
Tulipanga tufaha pamoja kwenye bohari moja,
vidole vimekufa ganzi kwa baridi, tukicheka upuuzi.
Kupita mezani kwake na mfuko wa Baltazar
ni kutangaza sokoni kwamba anauza sumu;
na sumu ile ile, kama ni sumu,
ndiyo iliyomlipia Yasna karo.

Nikanunua nusu kwa Baltazar,
nikaificha chini ya mchicha kama mwizi.
Nikarudi kwa Hermelinda, nikanunua kilo nzima.
Akaniongezea konzi ya bure.
Ningefurahi kama asingeongeza.

Nyumbani nikatenga mabakuli mawili:
ndogo za Yasna, kubwa zetu sisi wazee.
Nikaenda kutafuta magadi ya kuoshea.
Kurudi, bakuli ni moja.
"Lile lingine nimekandia unga," asema Yasna,
kidevu chekundu, mdomo umejaa.

Ningeweza kuzichambua, kubwa huku, ndogo kule.
Nikavuta kiti.
Ndogo zilikuwa tamu zaidi,
au pengine ni ile bei iliyokuwa ulimini.

Nolberto akaingia, akaziona,
hakuuliza zimetoka meza gani.
Akaenda bombani kwanza, akanawa mpaka viwikoni,
sabuni mara mbili, kama kawaida yake,
ingawa trekta aliliacha
mwaka wa nne huu.