Kijiko cha Kumi na Mbili

"Wamepanda."
Neno moja, saa kumi alfajiri, simu ikakatika.
Asajile hana salio la maneno mawili,
na mbasa hawahitaji zaidi ya hilo.

Nikavaa buti gizani, la kulia kushoto,
nikakata mabua ya mpunga uliovunwa juzi
yakinichoma vifundo kama masuto,
nikapita chini ya mikokoa ya Mwambipile
umande ukinidondokea shingoni,
na mfukoni, ndani ya leso,
kijiko cha mama.

Niseme kweli: nilikiiba.
Ni cha kumi na mbili katika seti ya harusi yake,
seti isiyotoka kabatini ila kwa mchungaji.
Nilikikata mpini, nikakitoboa matundu mawili,
nyuma nikafunga ndoano.
Kikivutwa majini kinayumba,
kinameta, kinajifanya usipa aliyejeruhiwa.
Mbasa ni mla nyama. Hadanganywi kwa ugali.

Mei inaisha. Mvua zimechoka.
Lufilyo uliokuwa ukinguruma, mwekundu kama tofali,
siku ya tatu ya jua ukawa chai ya rangi,
siku ya nne ukaonyesha kokoto.
Siku hiyo ndiyo yenyewe:
maji bado yamebeba baridi ya Rungwe mgongoni,
na ziwa, huko chini, limewaachilia.

Bwawa la kwanza, patupu. La pili pia.
Asajile anausoma mto kwa nyayo:
anaingia, anasimama,
anasikiliza kwa vidole vya miguu.
Matope, anatema mate.
Mchanga, anatikisa kichwa.
Kokoto za ukubwa wa yai la kuku,
ananyanyua mkono, nami naacha kupumua.

"Usitafute samaki," akanong'ona.
"Tafuta kasoro ya maji."

Nikatazama. Maji, maji, jiwe, maji.
Kisha jiwe likageuka.

Likafuatwa na jingine, na jingine,
migongo ya kijani ikiukwea mkondo kwa mabega,
fedha ubavuni, vichwa vyote vikielekea
huko walikoanguliwa, ambako hakuna
anayewakumbuka.
Zamani, anasema Asajile, mto ulinuka samaki
wiki nzima, hadi mbwa walichoka.
Siku hizi mdomoni mwa mto wametandaza vyandarua.
Hawa ni waliopenya.
Nikawahesabu: tisa.

Tisa. Na bado nikarusha kijiko.

Sijui kueleza. Uzi ulikuwa wangu, halafu haukuwa.
Mwanzi ukainama kama mkwe anayeamkia,
mikono ikakumbuka kazi isiyowahi kuifanya,
magoti majini, Asajile akipiga kelele zisizo na maneno,
na mto mzima ukinivuta kuelekea ziwani
kwa mdomo mmoja.

Alipolala kwenye majani alikuwa mrefu kama mkono wangu.
Nikamshika tumbo, nisimwangushe tu,
na kiganjani mwangu yakamiminika
mayai, madogo kuliko ulezi, ya baridi, mengi.
Asajile akatazama ng'ambo, kwenye migomba.

Kijiko kilikuwa kimemezwa hadi koo.
Matamvua yamechanika. Aliyechanika hivyo harudishwi.
Nikakata uzi. Nikanawa.
Mayai yakaenda na maji
bila dume, bila kokoto.

Wanane walikuwa bado wanapanda.
Tulikaa hadi jua likatuchoma visogo,
na hakuna aliyesema turushe tena.

Jioni mama alimpika kwa mbalaga na nyanya,
akanyonya kichwa hadi jicho,
akasema ndaga, mwanangu, ndaga fijo.

Nikashusha macho.
Kando ya sahani yangu, kimeoshwa, kimefutwa,
kijiko kisicho na mpini.
Hakuuliza. Alinyanyuka, akafungua kabati,
akavipitisha kidole kimoja kimoja,
akarudi mezani, akakigusa hicho changu.

"Kumi na mbili," akasema,
akaomba chumvi.