Hesabu za Siku Tatu Moshi

Limi aliandika kila shilingi.
Daftari la miraba, lenye jedwali la kuzidisha mgongoni,
kalamu imefungwa kwa uzi
kama ile ya dirisha la posta.

Nauli ya likizo ilitoka Septemba, mwaka mzima imechelewa,
nami nikasema: safari hii hatuezeki jiko.
Safari hii twende mahali tusipo na ndugu
wa kuzika wala wa kuoza.
Moshi, akasema. Nataka kuona kitu kirefu.
Kwetu Meatu kirefu ni mnara wa simu.

Chumba Majengo, kwa Mama Elinsia: elfu kumi na tano.
Shuka zinanukia jua, bomba lina tabia yake.
"Chai ipo," alisema, "ila mkiinywa uani na mimi, siiuzi."
Limi akaandika: chai, 0.
Akaitazama ile sifuri kwa muda,
kama mtu aliyeokota hereni njiani.

Basi tukaanza kuzitafuta.

Ya mijakaranda: zambarau juu, zambarau chini,
hata nikavua viatu nisiyakanyage maua.
Nadanganya. Kiatu kilinibana.

Ya kituo cha treni: benchi la mbao, nyasi katikati ya reli,
na mlinzi anatujia taratibu:
"Leo hakuna treni."
"Ndiyo maana tumekuja," akasema Limi,
akasogea, akampa nafasi akae.

Soko la Mbuyuni hatukununua, tulishika.
Limi alijaribu makoti manne ya mtumba,
moja zito, la nchi ya watu wanaoogopa hewa.
"Limekukubali, mama!"
"Mimi bado. Liache lifikiri."
Parachichi moja, mia tano. Chumvi tuliiomba
kwa mchoma mahindi, akatumwagia kiganjani
bila kututazama, kama anayelipa deni la zamani.

Rau tulipita ukingoni mwa msitu, upande usiodaiwa tiketi.
Mbega mwenye joho lake alitusikiliza kesi yote
akatuachia huru.

Lakini mlima haukutoka.
Siku ya kwanza wingu. Ya pili wingu.
Watu walituelekeza kwa kidevu: upo pale,
kama unavyoonyeshwa nyumba ya mtu aliyesafiri.
Bei ya kuupanda ilikuwa kwenye bango la kampuni.
Limi alihesabu sifuri zake kwa kidole
akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi za watu.
"Na hizi nazo sifuri," alisema,
"ila zimesimama mahali pabaya."

Usiku ule tuligombana.
Elfu tano haikuonekana.
Nilisema labda nauli, labda maji,
na bia zangu mbili zikanisikiliza tumboni.
Akaandika: hewa, 5,000.
Akanigeuzia mgongo.

Saa kumi na mbili kasoro alinivuta mguu.
Tulipanda juu ya paa, kati ya kamba za nguo,
na Kibo alikuwa pale, hana hata shuka,
na weupe kidogo tu utosini,
kama ugali uliobaki kwenye mwiko.
Kisha jua likamgusa ubavuni.
Mama Elinsia alikuwa anakamua foronya.
"Umetoka?" aliuliza, hakugeuka,
kama anayemuuliza paka.

Limi alifungua daftari.
Akaandika tarehe. Akaandika saa. Akaandika: mlima.
Kalamu ikasimama.
Nilingoja ile sifuri.
Hakuiandika.

Basi liliondoka saa mbili, wingu limesharudi kazini.
Daftari sasa liko kabatini na risiti za umeme,
na ule mraba mmoja bado uko wazi;
sijamuuliza, naye hajasema.
Elfu tano nimeirudisha,
noti mojamoja,
chini ya kopo la sukari.